Asali ya Nyumba Thelathini na Moja

Walimu wenzangu, wastaafu wenzangu, ninyi mnaonipigia simu mmoja baada ya mwingine kuniuliza Dodoma kulikuwaje: nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila nikisimulia, kuna mmoja wenu anakwenda kuongeza chumvi, na juzi nimesikia huko Kondoa kwamba nilimzaba Mzungu kibao. Sikumzaba mtu. Hamu nilikuwa nayo, lakini sikumzaba. Sasa naandika yote mara moja, mwenye macho asome, na asiye na miwani asomewe.

Mnajua kwamba tangu nistaafu mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki hapa Busi. Tuko nyumba thelathini na moja. Miaka yote asali yetu alikuwa anainunua mtu mmoja, Ramadhani, ambaye watu wote humwita Mizani kwa sababu huja na pikipiki na mizani ya kuning'iniza imefungwa nyuma. Anafika, anataja bei, anapima mwenyewe, anasoma mshale mwenyewe, anaondoka. Ukiuliza mbona bei imeshuka, anainua mabega na kusema ni soko la dunia. Mwaka jana nikamuuliza hilo soko la dunia liko wapi, mbona sisi hatujawahi kutia mguu. Akacheka.

Mwaka huu kampuni moja ya kigeni yenye ghala Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, ikatupigia simu kutaka asali. Nikasimama kwenye mkutano nikawashawishi wenzangu tumnyime Mizani. Yeye mwenyewe akaja hadi mlangoni kwangu kuniambia kwamba ndoo zetu zitarudi, na zikirudi bei ataipanga akiwa amekunja nne. Nikapandwa na hasira. Nikaapa mbele ya wanakikundi wote kwamba asali ikirudi haijauzwa, naachia uenyekiti na nakwenda mimi mwenyewe kwa miguu kumwomba Mizani msamaha. Maneno yakishatoka hayarudi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekibeba njia nzima, na kilikuwa kizito kuliko ndoo.

BUSI HADI KONDOA MJINI

Kabla ya kuondoka tulifanya kosa, na kosa lilikuwa langu kwa sababu nililiona na nikalinyamazia.

Karani wa Ihumwa, kijana mwenye adabu aitwaye Deo, alikuwa ameniambia kwenye simu kila ndoo iwe na namba ya mfugaji wake. Sasa, ninyi mnaijua desturi ya kwetu. Asali ya harusi inapotoka kijijini haitoki kwa jina la mtu mmoja. Kila nyumba inaleta ya kwake, inamiminwa pamoja, inakorogwa, ndipo inakwenda ukweni. Aliyevuna nyeusi na aliyevuna ya dhahabu wanakwenda sawa, na hakuna wa kuaibishwa. Basi wanawake wakaniuliza: Bi Hadija ni mjane, asali yake mwaka huu ni nyeusi, iende peke yake ikakataliwe na wageni huku jina lake limebandikwa? Tukaleta mapipa, tukamimina, tukakoroga asubuhi nzima, tukajaza ndoo thelathini na moja. Nikaandika neno moja tu kwenye karatasi ya kila ndoo: Busi. Nilijisikia vizuri sana siku ile, kusema kweli.

Mwenzangu wa safari alikuwa Paulina, Msandawe aliyeolewa kwetu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na akikasirika anakiacha kabisa na kurudia lugha yao, ile ya kugonga ulimi kinywani. Lakini kwa nyuki hana mpinzani. Akionja asali anakwambia nyuki walikula mgunga au mninga, na mzinga ulikuwa upande gani wa kilima.

Tulipata nafasi kwenye fuso la alizeti. Dereva aliitwa Samweli, na alikuwa mtu wa kulalamika. Kuanzia Busi mpaka Kondoa alilalamikia dizeli, dola, na mafuta ya kula yanayoletwa kwa meli kutoka nje mpaka alizeti haina mnunuzi. Kila jambo alilimalizia kwa kusema, "Ndiyo dunia, mama." Paulina akaniuliza kwa sauti ya chini kama dunia ni jina la bosi wake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakuwa anatania.

KONDOA HADI MAYAMAYA

Kondoa tulikunywa chai na chapati, tukangoja kwa saa tatu Samweli akatafute tairi. Tukapita Chemba jua likiwa limeshakuwa kali. Barabara ni lami, hilo tushukuru, lakini kule kwenye vumbi la Busi ndoo moja ilikuwa imepasuka kitako na hatukujua. Ilikuwa ikivuja taratibu kwenye magunia ya alizeti.

Tulisimama Mayamaya ili Samweli apoze injini. Dakika kumi hazijaisha, nyuki hao. Kwanza wachache, halafu turubai lote likawa jeusi. Samweli alikuwa na mdomo tangu asubuhi, lakini siku ile nilimwona akikimbia bila neno hata moja, kandambili moja ikabaki barabarani. Nikamwita arudi, akanipungia mkono kutoka mbali kama anayeaga.

Paulina hakuhangaika. Alikwenda kwenye nyumba ya jirani, akaomba mavi makavu ya ng'ombe na kaa la moto. Mwenye nyumba, mama wa Kigogo mwenye umri kama wangu, alitusalimu kwa kwao, "Mbukwenyi," nami nikaitikia vibaya, akacheka na kutoa alichoombwa. Paulina akafukiza moshi kulizunguka gari polepole, akawa anaongea na nyuki kwa Kisandawe. Nilimuuliza baadaye aliwaambia nini. Akasema aliwaambia hiyo asali tayari ina wenyewe.

Ilichukua mchana mzima mpaka nyuki wakaondoka na Samweli akarudi. Mama yule akatupikia ugali wa uwele na mlenda, nasi tukampa ile ndoo iliyopasuka na kilichobaki ndani yake. Alionja kwa kidole, akauliza asali ni ya nani. Nikamwambia ni ya nyumba thelathini na moja. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea kula. Kwake halikuwa jambo la kuulizwa mara mbili. Ndoo zikabaki thelathini.

MAYAMAYA HADI MIYUJI

Tulifika Miyuji, pale Dodoma mjini, jioni kwa Rehema, binti wa kaka yangu, ambaye anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali. Rehema ana moyo mzuri ila mdomo wake umejaa maneno ya ofisini. Aliziangalia ndoo zetu akasema, "Shangazi, bidhaa nzuri, ila prezentesheni bado." Nikamwambia prezentesheni ni mimi.

Jirani zake walikuja kusalimia. Wengi ni watu wa kuhamia, wametoka kila mkoa kufuata kazi. Mmoja alionja, mwingine akaonja, wakaanza kuuliza bei. Niliwajibu kwa majivuno kabisa kwamba hii ni ya kwenda nje, si ya rejareja. Mungu anisamehe. Miaka thelathini na nne nimefundisha watoto wasidharau kilicho karibu, na mimi nilikuwa nakidharau huku nimekalia kiti chake.

MIYUJI HADI IHUMWA

Ghala liko karibu na reli. Tulifika na gari la kukodi saa mbili asubuhi kama tulivyoambiwa, tukapokelewa saa sita kasoro. Treni mpya ilipita mara mbili, na kila ikipita Paulina alisimama kuiangalia mpaka iishe.

Hatukuwa peke yetu tuliokuwa tukingoja. Kulikuwa na mama mmoja wa Kichina, si mzee, amevaa kofia ya jua, anaitwa Bi Lin. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, akaniambia Kiswahili amejifunzia Kariakoo, na ukimsikiliza unaamini, maana aliuliza kama mzigo ni orijino. Yeye ananunua ufuta na asali kupeleka kwao, na alikuja kumwuliza Mzungu mwenye ghala kama atamuuzia mapipa matupu. Nikamwangalia Mchina anayengoja kwenye benchi lile lile nililokalia mimi, nikafikiri, haya, leo tuko pamoja.

Mnunuzi mwenyewe anaitwa Lukas. Ni Mzungu mpole, mwembamba, anafuta miwani kila dakika. Sitamsema vibaya kwa tabia yake. Alitukaribisha maji, akamwagiza Deo apime asali. Kipimo cha maji kikaonyesha vizuri. Rangi, vizuri. Ladha, Lukas alifumba macho. Nikaanza kuuona uso wa Mizani ukinywea.

Halafu akauliza ndoo ya kwanza ni ya mfugaji gani. Nikasema ya kikundi. Ya pili? Ya kikundi. Akatazama ukuta wa ndoo, zote zimeandikwa Busi, akamwangalia Deo, Deo akaangalia chini. Nikaeleza. Nilieleza habari ya harusi, ya Bi Hadija, ya mapipa. Deo alitafsiri kwa uaminifu, na ingawa Kiingereza nakielewa nilimwacha atafsiri ili nipate muda wa kupumua.

Lukas alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anasikitika sana, lakini asali iliyochanganywa haina chanzo, na isiyo na chanzo haiwezi kuuzwa huko kwao kama asali ya mezani. Anaweza kuichukua kama daraja la mwisho, ya viwanda vya keki. Bei aliyoitaja ilikuwa chini ya bei ya Mizani. Kisha akaanza kunifundisha: meli zimepanda, riba imepanda, watu wa kwao wamefunga mikanda, hali ya dunia ni ngumu kwa kila mtu. Yalikuwa maneno yale yale ya Samweli, ila haya yalikuwa yamevaa shati lililopigwa pasi.

Nawaambia ukweli, nilijua nimeshindwa. Nilimwona Mizani amekunja nne. Nilijiona nakwenda kwa miguu mpaka mlangoni kwake na watoto niliowafundisha wananiangalia. Nikainamisha macho mezani ili nisilie mbele ya watu, na pale mezani ndipo nilipoiona.

Ilikuwa chupa ya asali, ndogo, nzuri, ina nembo ya kampuni yao na picha ya ua. Nikaichukua bila kuomba ruhusa. Nikavaa miwani yangu ya kusomea. Nyuma, kwa herufi ndogo kama za maelekezo ya dawa, kulikuwa na maneno ya Kiingereza kwamba hii ni mchanganyiko wa asali kutoka nchi mbalimbali.

Nikamwambia Deo asitafsiri tena, nitasema mwenyewe. Nikamuuliza Lukas chupa hii inauzwa wapi. Akasema madukani, kwao. Ya mezani? Ndiyo, ya mezani.

"Humu mmechanganya nchi ngapi?" nikamuuliza.

Akafuta miwani. Akasema inategemea na msimu.

"Mimi nimechanganya nyumba thelathini na moja," nikasema, "na zote nazijua kwa majina. Niambie wewe majina ya hawa wa kwako."

Akaitazama chupa. Basi mimi nikaanza. Nikamtajia Bi Hadija mjane, mizinga yake iko kwenye migunga ya bondeni. Nikamtajia Mwanaidi, na mkwewe Asha. Nikamtajia Mzee Issa ambaye haoni vizuri lakini bado anapanda mti mwenyewe na hasikii la mtu. Nikamtajia Paulina, huyu hapa, mshike mkono. Nilitaja kama ninavyoita mahudhurio darasani, kwa mpangilio, bila kuruka, na kila jina nikalitajia kilima chake. Nilipofika wa thelathini na moja koo lilikuwa limekauka, na yale maji aliyotukaribisha nikayanywa.

Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba sheria si yeye aliyeziandika. Nikamwambia najua. Sisi pia hatukuziandika, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Mchanganyiko wa kwao unaitwa biashara, wa kwetu unaitwa kasoro. Nikamwomba Deo atusaidie kurudisha ndoo kwenye gari. Lukas alituma watu wake watubebee, na mlangoni akanipa mkono. Niliupokea. Hapo ndipo kibao mnachokisikia kilipozaliwa, walimu wangu: ulikuwa ni mkono wa kuagana.

Nje, Bi Lin alikuwa amesikia kila kitu. Akasema, "Mama, mimi nachukua zote. Leo hii." Bei yake ilikuwa nzuri, juu ya Mizani, juu ya Mzungu. Akaongeza kwamba atabandua karatasi za Busi, asali itaingia kwenye mapipa yake makubwa pamoja na ya watu wengine. Kwao, alisema, watu wanataka asali, hawataki majina.

Nilifungua mdomo nikubali. Nawaambieni bila kificho, nilikuwa nakubali. Paulina ndiye aliyenitangulia.

"Hapana," akasema. "Mwalimu ametaja majina. Hayafutiki."

Nikamwangalia. Nikataka kumwambia aache ujinga, nimeapa mbele ya watu, hapa kuna mnunuzi wa ndoo zote. Lakini nilijua alichokiona. Jina likifutwa mwaka huu, mwakani Bi Lin atapata asali ya bei rahisi zaidi mahali pengine na hatakumbuka Busi ni kitu gani. Tutakuwa tumembadilisha Mizani kwa Mizani mwenye kofia ya jua. Wakubwa wa zamani wanataka majina ili watukatae, wakubwa wapya hawataki majina ili watusahau. Nikamwambia Bi Lin asante, jina linabaki au asali inabaki. Akasema, "Haya mama, pole," akaingia kwenye gari lake. Tukabaki mimi, Paulina na ndoo thelathini garini kando ya reli.

KURUDI MIYUJI

Nilipofika kwa Rehema nikajifungia chumbani nikalia, na sioni haya kuwaambia. Nilikuwa nimekataa kwa kishindo, na sasa nilikuwa na kishindo na ndoo.

Nilipotoka nikamkuta Paulina ameketi barazani, amefungua ndoo moja na anawaonjesha wale jirani niliowaringia jana. Nikachukua karatasi na kalamu. Nikaandika majina yote thelathini na moja kwa mwandiko wangu wa ubaoni, kila jina na kilima chake, nikabandika nakala kwenye kila ndoo. Rehema akapiga picha akaituma kwenye makundi yake ya simu, ya ofisini, ya kanisani kwa rafiki zake, ya watu wa Kondoa waishio Dodoma.

Kesho yake kulijaa watu. Wengine walikuja kwa asali, wengine kwa majina. Mwanamume mmoja mwenye suti alisoma karatasi kwa kidole, akafika kwa Mwanaidi wa kilima cha juu, kidole kikasimama. Ni mama yake mdogo. Hajafika Busi kumwona miaka mingi. Alinunua ndoo nzima na hakuomba nipunguze.

Siku ya tatu gari likasimama, akashuka Bi Lin na kofia yake. Alikuwa na ile picha kwenye simu. Alisema amewatumia wateja wake, na wateja wamemuuliza Mzee Issa ana umri gani. Tukacheka wote. Akasema atachukua ndoo kumi na nne, na karatasi zibaki. Akajaribu kunivuta bei kwa Kiswahili chake cha Kariakoo, nikamjibu kwa Kiswahili changu cha Kondoa, na bei haikusogea. Alasiri Deo akapiga simu kusema bosi wake anaulizia kama msimu ujao tunaweza kuzungumza upya. Nikamwambia milango ya Busi haina kufuli, aje yeye aone mizinga, na aje na ile chupa yake.

MIYUJI HADI BUSI

Ndoo saba hazikuuzwa. Nawaambia ili msije mkasema natia chumvi. Tulirudi nazo, na nilipozipandisha kwenye gari la Samweli nilikuwa natafuta namna ya kukitafsiri kile kiapo changu, maana nilisema asali ikirudi, sikusema asali kidogo.

Kabla ya kuondoka Dodoma tulipita sokoni tukanunua kitu kimoja cha kikundi, nikakipakata mapajani mpaka Busi. Samweli aliuliza ni nini, nikamwambia ndiyo dunia, baba. Mayamaya tulisimama kumsalimu yule mama wa Kigogo, na safari hii niliitikia vizuri.

Tulipofika, pikipiki ya Mizani ilikuwa imeegeshwa kwangu. Alikuwa amekaa barazani, na kweli, amekunja nne. Wanakikundi walikuwa wamesimama pembeni, Bi Hadija mbele. Mizani aliziona ndoo saba zikishushwa, akazihesabu, akatabasamu. Akangoja nyingine. Nyingine hazikuja. Nikamwona anahesabu tena, tabasamu likaanza kupungua, mguu wa juu ukashuka chini.

Akasimama. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Nilimfundisha darasa la tatu, na tangu aanze kununua asali hakuwahi kuniamkia. Kisha akauliza, "Mwaka huu mnauzaje?"

Miaka yote ile, hilo swali halijawahi kuulizwa Busi. Nikamtajia bei ya Miyuji. Akasema anazichukua zote saba, akageuka kwenda kwenye pikipiki kufungua kamba.

"Ramadhani," nikamwita, "mizani yako iache hapo hapo."

Nikafungua kile nilichokipakata kutoka Dodoma, Paulina akakining'iniza kwenye boriti ya baraza, na Bi Hadija akaja kusoma mshale.